Uzi: Sammy Omollo "Pamzo", beki anayepigiwa simu timu ikizama

Namba Tano (Kisumu)

Habari za jioni wadau. Uzi huu nimeuahirisha tangu msimu uliopita, lakini leo sina budi. Jioni baada ya mazoezi pale Nyalenda, kijana wangu mmoja wa miaka 14, beki wa kati, alibaki nyuma akifungua kamba za viatu polepole, kisha akaniuliza: "Kocha, kuna beki Mkenya aliyewahi kufika mbali?" Wanyama anamjua, Mariga anamjua. Olunga ndiye usiseme. Viungo na mastraika watupu. Nikaketi naye kwenye nyasi nikamsimulia Pamzo mpaka mbu wakatufukuza.

Basi na hapa nasimulia, maana nimegundua hata watu wazima wanaokwenda uwanjani kila wikendi wanamjua Pamzo wa benchi tu, yaani kocha. Yule aliyecheza hawamjui.

Sammy Omollo alikuwa beki wa Gor Mahia na Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya. Halafu akaenda India, akajiunga na East Bengal ya Kolkata. Najua mtu akisikia India anafikiria kriketi. Kolkata ni mji wa kandanda, na ugomvi wa East Bengal na Mohun Bagan ni mzee kuliko klabu zetu zote. Chukua Debi ya Mashemeji siku ambayo Gor na AFC Leopards (Ingwe) wote wanawania ubingwa, halafu uongeze suala la nani ni mwenyeji wa mji na nani alihamia, kwa sababu East Bengal tangu zamani ni timu ya familia zilizotoka upande wa mashariki wa Bengal. Watu hawacheki na mechi ile.

Tarehe 13 Julai 1997, nusu fainali ya Federation Cup ya India, uwanja wa Salt Lake. Waliingia zaidi ya watu 131,000. Ujaze Kasarani mara mbili na bado kuna watu wamebaki nje na tiketi mkononi. Mohun Bagan walikuwa chini ya kocha Amal Dutta, mtu wa maneno, na mfumo wake wa almasi ulikuwa umetesa timu nyingine kwenye mashindano yale. Kabla ya mechi Dutta akawakejeli wachezaji wa East Bengal hadharani. Omollo akampachika jina la "omleti". Mkenya wa watu, beki wa kati, anaitwa yai la kukaanga mbele ya mji mzima.

East Bengal walishinda 4-1. Bhaichung Bhutia alifunga matatu na mpaka leo India wanaimba jina lake. Bao la kufutia machozi la Mohun Bagan lilitoka kwa Chima Okorie, Mnigeria mwenye kifua kama mlango wa lori. Sasa wewe uliyewahi kucheza namba tano, yaani beki wa kati, hebu jiulize: mbele ya watu 131,000, baada ya kuitwa omleti, mkabala na timu inayokuja kwa mawimbi na Chima akiwa mbele, East Bengal wamefungwa moja tu. Picha za siku ile ni za Bhutia. Hivyo ndivyo kazi yetu ilivyo, na silalamiki. Ila kijana wangu lazima ajue kwamba nyuma ya magoli yale manne kulikuwa na mtu kutoka Kenya.

Baadaye akawa kocha. Alikaa Posta Rangers, na Rangers ile ilikuwa timu ambayo hakuna aliyependa kukutana nayo, kwa sababu kuifunga ilikuwa shughuli. Kisha kuna simu mbili ninazozikumbuka vizuri.

Ya kwanza ni Desemba 2020. Gor wako kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, na kocha mkuu wa kigeni hana cheti kinachotakiwa na CAF, shirikisho la soka Afrika. Pamzo, aliyekuwa msaidizi, akasimama badala yake. Walikuwa wamefungwa 2-1 na APR kule Kigali, wakaja Nairobi wakawapiga 3-1, wakapita. Halafu raundi iliyofuata, tarehe 26 Desemba, Algiers, CR Belouizdad wakawafunga 6-0.

Usiku ule nilikuwa naufuatilia mchezo kwa simu. Bao la nne lilipoingia nikaiweka simu kifudifudi mezani. Sikuwa nawaza juu ya Gor, nilikuwa namuwaza yeye. Mtu ambaye maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuweka mwili mbele ya mpira, leo amesimama kandoni, anaona pengo linafunguka kabla halijafunguka, na hawezi kuingia kuliziba. Mshambuliaji aliyegeuka kocha akifungwa sita anaumia kama kocha. Beki anaumia mara mbili.

Ya pili ni Shabana. Wamerudi Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17 nje, mji wote wa Kisii uko juu, na mechi za mwanzo zikawa kilio. Simu ikapigwa. Pamzo akaenda, timu ikabaki ligini.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Beki aliyegeuka kocha hapa kwetu anaitwa nyumba ikishaanza kuungua. Msimu ukianza kwa amani, bajeti ikiwepo na wachezaji wakichaguliwa, anaitwa mwingine. Nataka kusikia kutoka kwenu, hasa wazee mliowaona mabeki wa zamani.

Jaduong' wa Kaloleni

Omera, umefanya jambo jema, lakini huwezi kuanza hadithi hii mwaka 1997. Umeuanzia mti kwenye matawi.

Anza na Gor ya 1987. Nahodha Austin Oduor, tukimwita Makamu, na pembeni yake Bobby Ogolla. Bobby tulimpa jina la Six Million Dollar Man, kwa sababu ya ile filamu ya televisheni ya mtu aliyetengenezwa kwa vyuma. Mshambuliaji akimgonga Bobby, anayeanguka ni mshambuliaji.

Vijana wanajua Gor walishinda Kombe la Washindi Afrika mwaka ule, klabu pekee ya Kenya kutwaa kombe la bara. Wanamjua straika Peter Dawo. Hawajui hesabu. Mkondo wa kwanza Tunis dhidi ya Espérance ulikuwa 2-2. Marudiano Kasarani, 1-1. Jumla 3-3, kombe likabaki kwa mabao ya ugenini. Sasa fikiria: mko 1-1, bao moja tu la Watunisia na kombe linapanda ndege. Kila kona, kila frikiki, kila mpira mrefu. Waliotuletea kombe dakika zile walikuwa akina Makamu na Bobby.

Mimi niliisikia kwa redio hapa Kaloleni. Betri zilikuwa zimechoka, mke wangu alikuwa amezianika juu ya bati tangu asubuhi zipate joto. Dakika za mwisho sauti ikaanza kufifia. Tulikuwa watu kama kumi na tano, tumeinamisha vichwa juu ya redio moja kama wanaomchungulia mgonjwa. Hatukusikia kipenga. Tulijua tumeshinda kwa kelele za nyumba ya tatu.

Tena ujue mabeki wale walicheza sheria nyingine. Kabla ya 1992 uliweza kumrudishia kipa mpira kwa mguu akaudaka. Ukibanwa, unageuka, unampa, unapumua. Sheria ilipobadilika, beki akalazimika kujifunza kucheza. Huyo Pamzo wako alipitia mabadiliko hayo, Bobby alikulia kwenye sheria ya zamani. Ndiyo maana ukocha wao lazima utofautiane.

Na Bobby naye alirudi Gor kama kocha msaidizi. Enzi za kocha Logarusic alikuwa kwenye benchi lile, na mwaka 2013 Gor ikatwaa ubingwa wa ligi baada ya miaka 18 ya ukame. Magazeti yaliandika majina ya makocha wazungu, yule wa mwanzo na Williamson aliyekuja kumalizia. Mimi nilipiga makofi kwa ajili ya Bobby.

Winga wa Kulia

Heshima kwenu, lakini mnapamba. Makocha mabeki wanatuletea soka la kujificha. Timu inajaza watu kumi mbele ya goli, mpira mbele, tuombe Mungu. Mimi nalipa kiingilio nione kandanda. Kama klabu zinaajiri wageni, labda wageni wanataka kushambulia. Pia hiyo ya "anaitwa nyumba ikiungua" ni kweli kwa makocha wazawa wote, wawe walicheza beki au la. Francis Kimanzi na Zico Otieno, nao wamezima mioto mingapi?

Namba Tano

Jaduong', asante. Hiyo ya betri juu ya bati nitamsimulia kijana kesho.

Ndugu Winga, hoja yako ya wazawa wote naikubali nusu. Ni kweli kocha Mkenya yeyote anaitwa kwa dharura. Lakini timu ikiwa inafungwa tatu tatu, viongozi hawamtafuti aliyekuwa fundi wa chenga. Wanamtafuta aliyekuwa akizuia. Ndiyo maana rekodi ya mabeki inajaa vita vya kutoshuka daraja, halafu mtu kama wewe unaisoma rekodi hiyo unasema hawajui kushambulia. Mtu amepewa timu ya mkiani yenye mechi chache za kujiokoa, atashambulia na nini?

Kuhusu kujificha, nikuambie kitu nilichojifunza kwa gharama yangu. Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa beki wa kati wa shule moja hapa Kisumu. Tulifika mashindano ya mkoa. Dakika za mwisho, sare, winga wao akaanza kukimbia nyuma ya beki wetu wa kushoto. Mimi nilimwona. Nilimwona mapema kabisa, labda sekunde mbili nzima, na sekunde mbili uwanjani ni muda mrefu. Sikupiga kelele. Nilidhani beki wetu amemwona. Mpira ukapita, winga akapita, krosi, bao, nyumbani. Beki wa kushoto ndiye aliyelia, na ndiye aliyelaumiwa basi zima kurudi. Mimi nilikaa kimya ndani ya basi kama nilivyokaa kimya uwanjani.

Beki wa kati ndiye mchezaji pekee wa ndani, ukimtoa kipa, anayeuona uwanja wote ukiwa mbele yake. Straika ameupa mgongo. Kiungo anazungushwa. Sisi tunawaona wenzetu wote migongo na wapinzani wote nyuso. Kazi kubwa si kukaba, ni kusema: panda, rudi, kushoto kwako, mwache, shika. Mtu aliyefanya hivyo miaka kumi na tano hajifunzi ukocha, anaendelea nao akiwa nje ya mstari.

Na wala si kujificha. Beki mzuri hutaka mstari wake upande juu, kwa sababu ukikaa ndani ya boksi lako kila mpira unaodunda ni hatari. Kujaza watu kumi golini ni dalili ya timu ambayo mabeki wake hawaaminiani.

Mtore Bobe (Kisii)

Nathibitisha ya Shabana, nilikuwepo. Wadau, ninyi wa Kisumu mna uwanja wa Moi na sasa mna Mamboleo, hamjui maana ya mji mzima kusubiri timu miaka 17. Siku za mechi Gusii Stadium wauza miwa wanamaliza miwa kabla ya saa saba. Wazee waliokuwa hawajakanyaga uwanjani tangu 2006 walikuja na wajukuu. Halafu tunafungwa. Tena mabao ya kijinga, ya dakika za mwisho, mtu anafunga kwa kichwa akiwa peke yake kama anasubiri matatu.

Pamzo alipokuja sisi mashabiki tulinung'unika. Tulitaka jina kubwa. Mimi mwenyewe nilisema hapo getini kwamba tumeletewa mzee. Kilichobadilika kwanza hakikuwa magoli. Kilichobadilika ni kwamba tuliacha kuogopa kona. Hiyo ndiyo namna pekee ninayoweza kueleza. Mpinzani akipata kona, kabla tulikuwa tunafunika macho. Mwishoni mwa msimu tulikuwa tunaendelea kula njugu.

Kwa hiyo Winga, mimi nililipa kiingilio, na ile hali ya kutoogopa kona ilikuwa na thamani ya hela yangu.

Winga wa Kulia

Hiyo ya kona imenigusa. Sijabadili msimamo wote, lakini hapo nimekuelewa.

Kocha Dada (Kakamega)

Kaka Namba Tano, shikamoo kwa Jaduong' na salamu kwa wote. Mimi nafundisha wasichana hapa karibu na Bukhungu. Nilikuwa beki wa kulia. Naomba niongeze jina moja: Musa Otieno. AFC Leopards, kisha Santos ya Cape Town, akatwaa ligi ya Afrika Kusini msimu wa 2001-02. Alikuwa kwenye Harambee Stars ya AFCON 2004 kule Tunisia, ile iliyoifunga Burkina Faso 3-0, ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye fainali zile. Naye pia alirudi kama msaidizi, alipokuwa Williamson na Stars. Msaidizi. Bobby msaidizi, Musa msaidizi, Pamzo msaidizi anayekaimu. Mnaona mpangilio?

Lakini mimi naongea kama mtu anayehangaika na vyeti. Ngazi za CAF zinaanza D, kisha C, B, A, na juu kabisa Pro. Huwezi kukaa benchi kubwa bila cheti kinachofaa, na kisa cha Gor cha 2020 kimeonyesha hata mgeni anazuiwa. Kozi ni pesa, ni siku nje ya kazi, na kwa sisi akina mama ni nani atabaki na mtoto. Kozi yangu ya kwanza tulikuwa wanawake wawili chumba kizima. Mwenzangu hakurudi siku ya tatu. Klabu moja ya huku iliniahidi kunilipia ngazi iliyofuata, nikafundisha msimu mzima kwa ahadi hiyo, na msimu ulipoisha simu yangu haikupokelewa. Niliuza mahindi gunia nne nikajilipia mwenyewe.

Kwa hiyo mnapouliza kwa nini mabeki hawapati kazi za mwanzo wa msimu, ulizeni pia wangapi wanaweza kupanda ngazi hizo wakiwa hawana aliyewashika mkono. Mchezaji wa enzi ya Jaduong' alitoka uwanjani na medali na goti bovu. Cheti angekipata kwa hela ipi?

Swali langu ni la kazi: wasichana wangu wanne wa nyuma hawatembei pamoja. Mmoja akipanda, mwingine amebaki, tunaumbuliwa kwenye ofsaidi kila mechi. Nimefundisha kwa maneno mpaka sauti imekauka.

Jaduong' wa Kaloleni

Binti, marahaba. Gunia nne. Mungu akubariki.

Namba Tano

Dada, pole, na hongera. Umeligusa shina ambalo mimi sikuligusa. Mimi nina C na nimekwama hapo hapo miaka mitatu kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja.

Kuhusu wasichana wako, acha maneno. Tafuta kamba. Mimi nilinunua kamba ya katani Jubilee Market, ile ya kufungia mizigo, nikaikata vipande vitatu, kila kimoja kama mita nane. Nawafunga mabeki wanne viunoni kwa mstari: wa kushoto kwa wa kati, wa kati kwa wa kati, wa kati kwa wa kulia. Halafu nasimama na mpira mbele yao bila kuupiga. Nikienda kushoto, wote wanakuja kushoto. Nikirudi nyuma na mpira, wote wanapanda. Nikiinua mguu kama nataka kupiga mrefu, wote wanashuka.

Siku ya kwanza wataanguka. Wangu walianguka kama mbuzi waliofungwa pamoja, wakacheka, mmoja akakasirika. Siku ya tatu angalia kamba, usiangalie watoto. Ikilegea, wamekaribiana mno. Ikikaza, kuna mmoja amechelewa, na yeye mwenyewe atajua kwa sababu kiuno kitavutwa. Wiki ya pili ndipo unaingiza mpira na washambuliaji wawili. Wiki ya tatu unafungua kamba bila kuwaambia chochote, unaanza mazoezi kama kawaida. Utaona wanavyotembea.

Jambo moja la hatari: fundo liwe la kufunguka kwa kuvuta mara moja, na usiruhusu mtu kuteleza chini kukaba akiwa amefungwa. Nilifanya kosa hilo, mtoto akachubuka mkono.

Na mmoja wao, yule wa kati, lazima awe anaongea. Mpe yule mkimya kuliko wote.

Kocha Dada (Kakamega)

Ninaye. Anaitwa na wenzake "Bubu" kwa utani. Kesho ndiye wa kati.

Hiyo mita nane ni kwa uwanja kamili, au naipunguza? Sisi tunafanyia kwenye nusu uwanja, upande mwingine kuna ng'ombe.

Namba Tano

Punguza iwe sita. Na ukimaliza usiiache nje usiku, ikinywa umande inakuwa nzito na inakwaruza. Mimi naning'iniza yangu jikoni.

Na kijana wangu aliyeniuliza lile swali, leo amekuja mazoezini amejiandika PAMZO kwa kalamu ya wino kwenye soksi.